Jikoni kwa Chui Weusi

Mwaka 1967, kaskazini mwa jiji la Oakland katika jimbo la California, watoto wa mtaa mmoja wa watu Weusi walivuka njia panda ya barabara za 55 na Market kila asubuhi kwenda shule. Hapakuwa na taa za kuongozea magari. Magari yalipita kwa kasi, watoto wakagongwa, wengine wakafa. Wazazi walilalamika kwa wakuu wa jiji, wakajibiwa kwamba wasubiri zamu yao. Vijana wa chama ambacho hakikuwa kimetimiza hata mwaka mmoja hawakutaka kusubiri. Walikwenda pale njia panda, wakasimamisha magari kwa mikono yao na kuwavusha watoto. Tarehe 1 Agosti mwaka huo huo, jiji likafunga taa.

Chama hicho kilikuwa Black Panther, yaani Chui Weusi. Anayekitaja leo huanza na makoti meusi ya ngozi, kofia za bereti na bunduki zilizobebwa hadharani. Hayo yalikuwapo na hayana haja ya kufichwa. Lakini ukifuata saa za kazi za wanachama wake, siku hadi siku kwa miaka 16, utazikuta zaidi jikoni, kwenye zahanati na darasani. Kazi hiyo ilifanywa kwa sehemu kubwa na wanawake na vijana ambao majina yao hayakuingia katika vitabu vya historia. Na kazi hiyo, kuliko bunduki, ndiyo iliyomkosesha usingizi mkuu wa upelelezi wa taifa lenye nguvu kuliko yote duniani.

Mji wa waliohama Kusini

Oakland ya miaka ya 1960 ilikuwa mji wa wahamiaji wa ndani. Vita Kuu ya Pili ya Dunia ilifungua viwanda vya kuunda meli kwenye ghuba ya San Francisco, na maelfu ya Wamarekani Weusi wakatoka Louisiana, Texas na Arkansas kufuata kazi. Huey Newton, mmoja wa waanzilishi wawili wa chama, alizaliwa Monroe, Louisiana, mwaka 1942. Mwanzilishi mwenzake, Bobby Seale, alizaliwa Dallas, Texas, mwaka 1936. Wote wawili waliletwa California wakiwa wadogo na wazazi waliokimbia ubaguzi na umaskini wa Kusini.

Vita vilipokwisha, kazi nazo zikakauka. Barabara kuu ya ghorofa ikapitishwa katikati ya Oakland Magharibi, na nyumba za watu zikabomolewa. Polisi walikuwa karibu wote Weupe, na baadhi yao walikuwa na mkono mzito kwa kijana yeyote Mweusi waliyemkuta barabarani.

Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964 na Sheria ya Haki ya Kupiga Kura ya mwaka 1965 zilikuwa ushindi mkubwa, uliopatikana kwa damu. Zilivunja ubaguzi ulioandikwa kwenye sheria za majimbo ya Kusini. Lakini mama wa Oakland hakuwa amezuiwa na kibao chochote kukaa kiti cha mbele ndani ya basi. Shida yake ilikuwa kodi ya nyumba, mshahara usiotosha, hospitali ya mbali, na mwanawe kupigwa na polisi.

Newton na Seale walikutana chuoni Merritt. Seale alikuwa akifanya kazi katika kituo cha mtaani cha kupambana na umaskini, na humo mwezi Oktoba 1966 waliandika mpango wa vipengele kumi. Walidai ajira, nyumba zinazomfaa binadamu, elimu inayosema ukweli, na mwisho wa ukatili wa polisi. Kipengele cha mwisho kilijumlisha yote: ardhi, mkate, makazi, elimu, mavazi, haki na amani. Nembo ya chui waliichukua kwa wakulima Weusi wa kaunti ya Lowndes, Alabama, waliokuwa wameunda chama chao cha siasa ili wapige kura kwa usalama.

Kisha wakaanza kuwafuata polisi barabarani, mkononi kitabu cha sheria na bunduki, kwa kuwa sheria ya California ya wakati huo iliruhusu kubeba silaha waziwazi. Mbunge Don Mulford akapeleka muswada wa kupiga marufuku jambo hilo. Tarehe 2 Mei 1967 kundi la wanachama lenye silaha likaingia katika jengo la bunge la jimbo, Sacramento, kupinga. Wapiga picha walikuwapo, na picha za siku ile zikaenea dunia nzima.

Mwaka uliofuata ulikuwa wa misiba. Newton alikuwa gerezani kutokana na mapambano ya risasi ambamo polisi mmoja aliuawa. Bobby Hutton, mwanachama wa kwanza kabisa kuandikishwa, aliuawa na polisi tarehe 6 Aprili 1968 akiwa na umri wa miaka 17, siku mbili baada ya Martin Luther King kupigwa risasi Memphis. Eldridge Cleaver, msemaji maarufu wa chama, alikimbilia uhamishoni. Wakati huo huo vijana wa miji mingine walikuwa wakifungua matawi kwa kasi ambayo makao makuu hayakuweza kuifuatilia. Chama kilikuwa na jina kubwa na wafuasi wengi, lakini hakikuwa na kazi ya kila siku ya kuwapa. Seale na wenzake waliobaki huru waliamua kazi hiyo iwe kuwahudumia watu.

Sahani ya asubuhi

Mwezi Januari 1969, katika kanisa la Mtakatifu Augustino la madhehebu ya Episcopal, Oakland, Chui Weusi walianza kuwapa watoto wa shule kifungua kinywa bure. Paroko wa kanisa hilo, Padri Earl Neil, aliwafungulia ukumbi na jiko. Ruth Beckford, mwalimu wa ngoma na muumini wa parokia hiyo, alisaidia kupanga mambo: chakula gani kinajenga mwili, sahani ngapi zinahitajika, wazazi gani waombwe kuja kupika. Siku ya kwanza walikuja watoto 11. Kabla ya wiki kwisha walikuwa 135.

Wahenga walisema njaa mwana malegeza, na kila mwalimu wa shule za mitaa hiyo alilijua hilo bila kufundishwa. Mtoto aliyelala bila kula hasikii hesabu. Anasinzia, analalamika tumbo, anapigana na wenzake, na mwisho anaandikwa kuwa mzito wa akili au mkorofi. Wakuu wa shule walipoanza kusema kwamba watoto waliotoka kanisani wanakaa macho darasani, habari zilivuka mtaa, kisha zikavuka jimbo.

Kazi yenyewe ilikuwa ngumu na haikuwa na sifa yoyote. Wanachama waliamka kabla ya alfajiri, wengine wakiwa wamelala saa chache baada ya kuuza gazeti la chama mitaani usiku. Walikaanga mayai na nyama, wakapika uji mzito wa mahindi wa Kusini uitwao grits, wakachoma mkate, wakamimina maziwa na maji ya machungwa. Walipokea watoto, wakaandika majina, wakaosha vyombo, wakafagia ukumbi, kisha wakatoka kuzunguka madukani kuomba mayai na maziwa ya kesho. Wafanyabiashara wengi walichangia kwa moyo. Waliokataa, huku wakiishi kwa fedha za mtaa huo huo, waligomewa na wateja, na baadhi yao walilalamika kwamba wanashurutishwa.

Makao makuu yaliagiza kila tawi lianzishe mpango huo. Makanisa, kumbi za jumuiya na hata nyumba za watu ziligeuzwa majiko, kutoka Seattle hadi New York, kutoka Kansas City hadi Philadelphia. Kufikia mwisho wa mwaka 1969 chama kilieleza kwamba kimelisha watoto 20,000. Watoto walipokuwa wakila, vijana waliwasimulia historia ya watu Weusi na kuwaeleza kwa nini wanalishwa na majirani huku serikali yao ikiwa na fedha za kupeleka watu mwezini. Chakula kilikuwa na somo ndani yake, na hawakulificha somo hilo.

Kwa nini Hoover aliogopa mayai

Tangu mwaka 1967 Shirika la Upelelezi la Marekani, FBI, likiongozwa na J. Edgar Hoover, lilikuwa likiendesha mpango wa siri wa kuvuruga vyama vya watu Weusi. Mpango huo uliitwa COINTELPRO. Mwezi Mei 1969 ofisi ya San Francisco ilisita kuushambulia mpango wa kifungua kinywa. Maofisa wa huko waliona wanaolishwa ni watoto, na wanaochangia ni watu wa heshima, Weusi kwa Weupe. Hoover aliwajibu kwa ukali. Kwa maoni yake, kulisha watoto ndiyo kazi yenye ushawishi mkubwa kuliko zote za chama, na kwa sababu hiyo ndiyo kizuizi kikubwa kuliko vyote kwa juhudi za kukimaliza.

Jibu hilo la Hoover ndilo ufunguo wa historia hii yote. Mtu aliyechukia Chui Weusi kuliko wengine wote aliwaelewa vizuri kuliko waandishi wengi waliowafuata. Bunduki zilimpa sababu ya kuwakamata na kuwatisha raia dhidi yao. Sahani ya mayai ilimnyang'anya sababu hiyo. Mama ambaye mwanawe amelishwa asubuhi hatakubali kuambiwa jioni kwamba waliomlisha ni majambazi. Padri, mwalimu, daktari na mwenye duka walioshika mwiko mmoja na vijana hao walikuwa ngao ambayo polisi hawakuweza kuipiga bila kuonekana.

Kwa hiyo wakapiga kwa siri. Wafadhili walitumiwa barua za uongo zisizo na majina. Kitabu cha watoto cha kupaka rangi, chenye picha za kuua polisi, ambacho uongozi wa chama ulikuwa umekikataa, kilisambazwa kwa wafanyabiashara ili waache kuchangia. Makanisa yalishinikizwa kufunga milango. Mwanachama mmoja wa kike wa Chicago alisimulia miaka mingi baadaye kwamba usiku wa kuamkia siku ya kwanza ya kifungua kinywa, polisi waliingia kanisani, wakakiponda chakula na kukikojolea.

Chicago ndiko pigo lilikokuwa zito kuliko kwingine. Kiongozi wa huko, Fred Hampton, alikuwa na umri wa miaka 21 na kipaji cha kuwakutanisha watu waliofundishwa kuogopana. Aliunda umoja na Young Lords, vijana wenye asili ya Puerto Rico, na Young Patriots, Weupe maskini waliotoka milima ya Appalachia, na wote wakaiga kazi za huduma katika mitaa yao. Alfajiri ya tarehe 4 Desemba 1969 polisi walivamia nyumba yake. Ramani ya nyumba hiyo ilikuwa imechorwa na mlinzi wake mwenyewe, aliyekuwa akilipwa na FBI. Polisi walifyatua risasi zaidi ya 90. Uchunguzi uligundua kwamba upande wa pili ilitoka risasi moja tu. Hampton aliuawa kitandani, na Mark Clark, mwenye umri wa miaka 22, aliuawa pamoja naye. Mwaka 1982 serikali zilikubali kulipa fidia ya dola milioni 1.85 kwa familia na walionusurika.

Siri ya COINTELPRO ilifichuka mwezi Machi 1971, wanaharakati walipovunja ofisi ya FBI katika mji wa Media, Pennsylvania, na kupeleka nyaraka magazetini. Kamati ya Seneti ilipochunguza miaka michache baadaye, iliona kwamba kati ya hila 295 zilizoidhinishwa dhidi ya vyama vya Weusi, 233 zililenga Chui Weusi.

Damu iliyosahauliwa na madaktari

Mwaka 1970 Seale aliagiza kila tawi lifungue zahanati ya bure. Si matawi yote yaliyoweza, lakini zahanati 13 hivi zilisimama. Madaktari na wauguzi wa kujitolea, Weusi na Weupe, walikuja jioni baada ya kazi zao. Wanachama walifunzwa kupima shinikizo la damu, kupima sumu ya risasi iliyokuwa kwenye rangi za nyumba mbovu, kuchanja watoto, na kumsindikiza mgonjwa hospitalini ili asipuuzwe. Boston waliweka zahanati ndani ya trela, wakaliegesha kwenye kiwanja ambacho serikali ilikusudia kukipitishia barabara kuu, kwa hiyo tiba na upinzani vikawa mahali pamoja. Portland walikuwa na zahanati ya tiba na nyingine ya meno. Chicago waliendesha zahanati yao hata baada ya kumzika Hampton.

Ugonjwa uliowapa jina katika afya ni mmoja ambao wasomaji wa Afrika Mashariki wanaujua majumbani mwao: selimundu. Anthony Allison, mtafiti aliyekulia Kenya, alipima damu za watu wa Kenya mwaka 1949 na akaona kwamba wanaobeba chembe yake ya urithi ni wengi pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, palipo na malaria kali, na ni wachache nyanda za juu zenye baridi. Mwaka 1954 alichapisha ushahidi kwamba aliyerithi chembe hiyo kwa mzazi mmoja hupata kinga dhidi ya malaria, ilhali aliyerithi kwa wazazi wote wawili huugua. Meli za watumwa zilivusha damu hiyo hadi Marekani, ambako leo Mmarekani Mweusi mmoja kati ya 13 hivi hubeba chembe hiyo.

Sayansi ilikuwapo, lakini fedha na nia ya kuitumia havikuwapo. Mwaka 1970 daktari Robert Scott alionyesha katika jarida la chama cha madaktari wa Marekani kwamba magonjwa ya kurithi yaliyowapata watoto wachache zaidi, wengi wao Weupe, yalitengewa fedha nyingi kuliko selimundu. Watu wengi waliobeba chembe hiyo hawakuwahi hata kusikia jina lake. Mwaka 1971 Chui Weusi waliufanya ugonjwa huo kuwa kampeni ya taifa. Walibisha hodi mlango kwa mlango, wakatoboa vidole na kupima tone la damu, na gazeti lao, lililouza nakala zaidi ya 100,000 kwa wiki siku zake bora, likaeleza kwa lugha rahisi namna ugonjwa unavyorithiwa.

Mwisho wa Machi 1972 waliitisha mkutano wa siku tatu Oakland. Waligawa mifuko 10,000 ya vyakula, wakapima damu za maelfu ya watu, na kuandikisha wapiga kura papo hapo. Mwezi Mei mwaka huo Rais Richard Nixon alitia saini sheria ya taifa ya kudhibiti selimundu. Haiwezekani kusema sheria hiyo ni yao peke yao. Madaktari Weusi, wabunge na familia za wagonjwa walikuwa wamepigania jambo hilo kwa miaka mingi, na Nixon mwenyewe alikuwa ameutaja ugonjwa huo mwaka 1971. Lakini waliosambaza jina la ugonjwa hadi vibarazani, wakaifanya aibu ya kuupuuza ionekane, ni vijana hao wenye sindano na vijitabu.

Kila mji uliongeza huduma kulingana na shida yake. Winston-Salem, North Carolina, magari ya wagonjwa yalikuwa yakichelewa au kukataa kuingia mitaa ya Weusi, na tawi la huko likaanzisha huduma yake ya gari la wagonjwa, lenye wahudumu waliofunzwa. Oakland, wazee waliokuwa wakiporwa siku ya kupokea pensheni walipata wa kuwasindikiza benki. Mabasi yalipeleka familia kuwaona ndugu zao katika magereza ya mbali. Viatu, nguo, ufundi wa mabomba na kuangamiza wadudu vilitolewa bure. Huey Newton aliiita yote mipango ya kuishi. Kwake, mipango hiyo isingeondoa dhuluma yenyewe. Ingewaweka watu hai na kuwakutanisha mpaka watakapokuwa na nguvu za kuiondoa.

Shule ya Ericka Huggins

Mwezi Januari 1969 Ericka Huggins, mwenye umri wa miaka 21, alifiwa na mumewe John. John na mwanachama mwenzake, Bunchy Carter, walipigwa risasi katika Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, katika ugomvi na kundi lingine la watu Weusi lililoitwa US. Kundi hilo liliongozwa na Maulana Karenga, aliyeanzisha sikukuu ya Kwanzaa na kuwapa wafuasi wake majina na misemo ya Kiswahili. Makundi mawili yaliyodai ukombozi wa watu wale wale yalikuwa yamechochewa na FBI kwa barua na vikaragosi vya kughushi mpaka yakauana. Bintiye Ericka alikuwa na wiki tatu. Miezi michache baadaye Ericka mwenyewe alikamatwa Connecticut, akakaa gerezani karibu miaka miwili, kabla ya mashtaka yake kufutwa mwaka 1971.

Mwanamke huyo ndiye aliyeongoza shule ya chama huko Oakland kuanzia 1973 hadi 1981. Ilikuwa imeanza kama darasa la watoto wa wanachama, waliokuwa wakisumbuliwa katika shule za serikali. Baadaye ilihamia jengo kubwa Oakland Mashariki, ikafungua milango kwa jirani yeyote na kuitwa Shule ya Jumuiya ya Oakland. Wanafunzi wake walifika 150 hivi, na wengine wakasubiri nafasi.

Watoto walikula mara tatu kwa siku. Walipangwa kulingana na uwezo wao badala ya umri. Walifundishwa hesabu, sayansi, historia na ushairi, na walizoezwa kuuliza maswali kuliko kukariri majibu. Ericka alikuwa amejifunza kutulia kimya na kutafakari akiwa gerezani, na aliwapa watoto zoezi hilo. Aliyekosa hakuchapwa. Kesi yake ilisikilizwa na baraza la wanafunzi wenzake, ambalo lilitafuta namna ya kurekebisha kosa. Maya Angelou na Rosa Parks walifika kuwatembelea. Mwaka 1977 Bunge la California liliitunuku shule hiyo kwa kuweka kiwango cha juu cha elimu ya msingi. Miaka kumi kabla, bunge lile lile lilikuwa limetunga sheria ya kuwanyang'anya Chui Weusi silaha.

Kufikia miaka ya mwanzo ya 1970 wanawake walikuwa wengi kuliko wanaume ndani ya chama. Audrea Jones aliongoza tawi la Boston. Elaine Brown alikiongoza chama kizima kuanzia 1974 hadi 1977, Newton alipokuwa Cuba. Chini ya majina hayo machache walikuwapo mamia waliopika, waliofundisha, walioandika hesabu, waliolea watoto wa wenzao waliofungwa, na ambao mara nyingi walitakiwa kupigania heshima yao mbele ya wanaume waliokuwa wakiimba uhuru.

Doa lao wenyewe

Heshima kwa kazi hiyo inatudai tuseme pia ubaya uliokuwamo. Mwaka 1969 mwanachama mmoja, Alex Rackley, aliteswa na kuuawa na wenzake kwa kudhaniwa kuwa jasusi. Mwaka 1971 chama kilipasuka kati ya wafuasi wa Newton na wa Cleaver, na watu wakauawa. Newton aliporudi kutoka Cuba aliendelea kuzama katika dawa za kulevya na ukatili. Elaine Brown aliondoka mwaka 1977, baada ya mwanamke aliyekuwa nguzo ya uendeshaji wa shule kupigwa na wanaume wa chama kwa idhini ya Newton. Fedha za shule ziliibwa, na Newton alikuja kuhukumiwa kwa kosa hilo mwaka 1989, miezi michache kabla ya kuuawa barabarani Oakland. Shule ilifungwa mwaka 1982, na chama kikafa nayo.

FBI ilifanya mengi kukiangamiza chama hicho, lakini haikuyafanya yote. Viongozi waliojiona wakubwa kuliko kazi waliibomoa kwa mikono yao. Waliodhulumiwa zaidi na anguko hilo ni wale wale waliokuwa wakiamka alfajiri.

Kazi yao haikupotea. Mwaka 1975 Bunge la Marekani liliufanya mpango wa kifungua kinywa mashuleni, uliokuwa wa majaribio tangu 1966, kuwa wa kudumu, na leo hulisha mamilioni ya watoto kila siku ya shule. Seattle, zahanati iliyoanzishwa na Chui Weusi bado inatibu watu, ikiwa na jina la Carolyn Downs, mmoja wa wanachama walioihangaikia.

Imbaseni

Sehemu moja ya historia hii ilihamia Tanzania. Pete O'Neal, mwenyekiti wa tawi la Kansas City, alihukumiwa mwaka 1970 kwa kosa la kusafirisha bunduki kuvuka mpaka wa jimbo. Yeye na mkewe, Charlotte Hill O'Neal, walikimbilia Sweden, kisha Algeria, ambako chama kilikuwa na ofisi. Mwaka 1972 waliingia Tanzania ya Mwalimu Nyerere, iliyokuwa imewapokea wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika na kuhubiri ujamaa na kujitegemea. Walikaa Imbaseni, karibu na Usa River, kando ya njia ya Arusha kwenda Moshi, wakalima, wakafuga na kujenga kwa mikono yao.

Mwaka 1991 walianzisha hapo kituo cha jamii. Vijana wa kijiji walipata masomo ya bure ya Kiingereza, kompyuta, sanaa na muziki, majirani wakapata maji, na baadaye watoto wenye shida wakapata makao. Charlotte, anayejulikana kwa wengi kama Mama C, aliendeleza ushairi na uchoraji wake humo. Geronimo ji Jaga, Chui Mweusi mwenzao aliyefungwa miaka 27 California kabla hukumu yake kutenguliwa, alikuja kuishi jirani nao na kusaidia kazi ya maji. Alifariki Imbaseni mwaka 2011.

Mtu akitaka kujua Chui Weusi walikuwa nani, Imbaseni inatoa jibu zuri kuliko picha za Sacramento. Wawili hao walikuwa mbali na kamera, hawakuwa na chama cha kuwaamuru wala Hoover wa kuwapinga. Walichoendelea nacho, walipoachwa wachague wenyewe, ni chakula, maji na darasa. Hiyo ndiyo iliyokuwa imani yao tangu mwanzo.

Waliokuwa na miaka 20 mwaka 1969 sasa wamepita 70, na kila mwaka wengine wanazikwa. Mengi yameandikwa kuhusu waliopigwa picha. Kuhusu waliopika, waliopima damu na waliofundisha bado kuna deni, na litalipwa na mwandishi atakayewakalia chini na kuwauliza habari za bei ya maziwa, mpangilio wa zamu na majina ya wenzao wa jikoni. Harakati ya ukombozi hudumu kwa kadiri inavyobeba mizigo ya kila siku ya watu wake, na waliobeba mizigo hiyo wanastahili kutajwa kwanza inapoandikwa historia yake.